Gauni Lisilo la Kukulia

Katika Kitale ya miaka hiyo, mtoto hakuvaa nguo yake. Alivaa nguo ya yule mtu atakayekuwa miaka mitatu baadaye. Sweta ya shule ilifika magotini, mikono ikakunjwa mara mbili, na sketi ikashikiliwa kiunoni kwa pini na imani. Mama akienda kwa fundi alisema tu, "Ya kukulia," na fundi akaelewa: acha upindo mpana ndani, mtoto ataongezeka, Mungu akipenda na mahindi yakiiva. Ndiyo maana darasa la nne zima pale mtaani Tuwan lilionekana kama mkutano wa wazee waliosinyaa ndani ya makoti yao.

Mtoto mmoja tu katika mji mzima alishonewa nguo ya kumtosha siku ile ile. Lilikuwa gauni jeupe la satini, lenye mabawa mawili ya neti mgongoni na mkanda wa shanga kiunoni. Mwenyewe alikuwa na miaka tisa. Aliitwa Mary Ann Nyaruai, na lile gauni nusura limuue.

Mwaka ulikuwa 2002. Mamake, Wamboi, aliuza viazi na dania kwenye kibanda kando ya barabara ya Tuwan. Baba alikuwa ameenda Eldoret kutafuta kazi, akapata mke. Mtoto aliimba akiosha viazi, aliimba akibeba maji, aliimba hata akichapwa, na tuseme ukweli, ingawa yaliyofuata yanatukasirisha: sauti ilikuwa sauti. Ilipanda hadi mahali ambapo sauti za watu wengine husimama mlangoni na kubisha hodi. Bodaboda walisimamisha baiskeli kuisikiliza. Wateja walisahau chenji yao.

Sauti hiyo ikamfikia Askofu Munene.

Munene aliuza viatu vya mtumba hadi siku alipoona maono. Katika maono hayo Mungu alimwita awe mhubiri. Uaskofu alijiongezea mwenyewe, nadhani kwa sababu Mungu alikuwa na shughuli nyingi wiki hiyo. Alikuwa na kanisa la mabati, kinanda kimoja, na spika mbili zenye nguvu za kufufua wafu, ila waliofufuka kila Jumapili alfajiri walikuwa majirani.

"Mama Mary Ann," alimwambia Wamboi, ameegemea kibanda kama mnunuzi, "huyu mtoto si wako. Ni wa Bwana. Wewe umewekewa tu."

"Na Bwana atamlipia shule?"

"Bwana atashughulikia kila kitu."

Na Bwana alishughulikia, kwa mkono wa Munene, na ule mkono ulikuwa na vidole vinavyonata.

Wakampeleka kwa fundi Cherono. Cherono alikuwa mama wa miaka arubaini na kitu, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Elgon, mwenye cherehani kwenye baraza la duka karibu na soko, tepu shingoni na pini mdomoni. Alizungumza huku pini zimo, na katika miaka ishirini hakuwahi kumeza hata moja. Vipimo vya kila mteja aliviandika kwenye daftari la shule lenye jalada la samawati. Alimpima Mary Ann, akaandika, kisha akauliza swali alilouliza kila mtu.

"Ya kutosha ama ya kukulia?"

"Ya kutosha," akasema Munene. "Malaika hawakui."

"Lakini watoto wanakua, Askofu."

"Huyu si mtoto, fundi. Huyu ni huduma."

Cherono alishona. Lakini alipofika kwenye mishono ya ubavuni, mkono wake ulikataa. Ulikuwa haujawahi kumkatia mtoto kitambaa bila kumwachia kesho yake. Akaacha upindo wa vidole vinne kila upande, akaukunja ndani, akaupiga pasi ukalala kama siri, na hakumwambia mtu.

Wimbo uliitwa "Bado Mimi Mdogo." Kwenye jalada la kaseti Mary Ann alisimama na mabawa yake mbele ya maporomoko ya maji ya nchi yenye theluji, ambayo mpiga picha alikuwa ameyachora ukutani. Kaseti ikatoka, ikafuatwa na VCD. Wimbo ulichezwa hotelini watu wakila mandazi, ulichezwa matangani, ulichezwa harusini, ulichezwa kwa kinyozi mpaka vinyozi wenyewe wakaomba ufutwe. Kuanzia Kitale hadi Chwele, mtu akisikia "bado mimi mdogo, Baba nishike," alitoa leso akapangusa machozi. Tulimpenda mtoto huyo. Tulimpenda kama mtu anavyompenda kuku: kwa moyo wote, na bila kumuuliza.

Shida ni kwamba mtoto, pamoja na ufundi wake wote, alikuwa na tabia moja mbaya. Alikua.

Mwaka wa pili gauni lilipanda juu ya goti. Cherono akasema kuna njia. Munene akakubali aongeze lesi chini, safu moja. Mwaka wa tatu, safu ya pili. Lile gauni lilihesabu miaka ya mtoto kwa lesi, kama mti unavyoweka pete zake. Lakini kiunoni Munene hakuruhusu hata uzi.

"Nina upindo hapa ndani, Askofu," Cherono alikiri siku moja, akigeuza nguo amwonyeshe. "Nikifungua hivi, anapumua."

"Ukifungua huo upindo, umefunga kanisa. Watu wanakuja kuona mtoto wa kwenye kaseti. Nikiwaletea mama mzima na mabawa, nitawaambia ni nani? Kuku wa kienyeji?"

Mary Ann alikuwa amesimama hapo hapo, kwenye baraza, katikati yao, mikono ameinua kama aliyekamatwa na polisi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alisikia yote.

Na Jumapili iliyofuata, jikoni mwa kanisa, akina mama wakipakua wali, Munene alimfinya ubavu mbele ya watu, akacheka kile kicheko chake cha mimbarini. "Jamani, malaika wetu akiendelea hivi, mabawa hayatambeba. Tutamvuta na trekta."

Jikoni nzima ilicheka. Akina mama walicheka, mpiga kinanda alicheka, mashemasi wakashika mbavu. Mary Ann naye alicheka. Kisha akarudisha sahani yake mezani, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoshukiwa kuiba.

Sasa niwaulize wale waliokuwa jikoni siku hiyo, maana mko hai na wengine mmepewa vyeo: mnakumbuka mlichokicheka?

Kuanzia hapo msichana akawa hodari wa kutokula. Na uhodari ulikuwa wa kweli, msidhani ni maringo. Chakula cha shule aligawia wenzake. Nyumbani alisema amekula kanisani, kanisani alisema amekula nyumbani. Kilichompita kooni kwa kulazimishwa alikwenda kukirudisha nyuma ya choo, kisha akanawa uso akaja kuimba. Alitembea na sweta mbili katika jua la saa saba, akitetemeka. Usiku aliota chapati. Asubuhi alijiona mwenye dhambi kwa ile ndoto.

Wamboi aliona, mama gani asione? Alimpa dawa ya minyoo, mara tatu. Minyoo, kama ilikuwapo, ilikuwa imekufa njaa zamani.

"Mami, si ule hata kiazi kimoja tu," alimbembeleza jioni moja, maana waliitana Mami wote wawili, akimega kiazi kwa vidole, kama anamlisha mtoto wa kunyonya.

"Nimeshiba, Mami."

"Umeshiba nini? Hewa?"

"Nimeshiba tu, Mami. Si uniache."

Halafu akaja dada mmoja wa kanisa na swali lake takatifu. Ilikuwa mwaka wa 2006, kwenye ushirika wa nyumbani, chai na viazi vikuu vimepangwa mezani, na Mary Ann, mwenye miaka kumi na mitatu, amekaa ameikodolea macho sahani yake. Dada akainama. "Malaika, mbona huli? Ama umefunga?"

Msichana alikuwa amechoka. Miaka miwili ya kutunga uongo wa kila mlo, na sasa mtu amemletea uongo uliopikwa tayari, wenye harufu ya ubani.

"Ndiyo," akasema. "Nimefunga."

Lo! Mngeona. Nyumba ilishangilia kana kwamba Kitale imepewa uwanja wa ndege. Mtoto wa miaka kumi na mitatu amefunga! Watu wazima wenye vitambi walijiona aibu, wakaapa kufunga kesho yake, wakafunga hadi saa nne. Kabla ya wiki kuisha alikuwa na foleni. Wagonjwa waliletwa awaguse kwa vile vidole vyake, ambavyo kufikia hapo vilikuwa kama njiti za kiberiti. Mwanamume wa Kiminini alileta ng'ombe asiyeshika mimba. Munene akachapisha mabango: MALAIKA ANAYEFUNGA, BUNGOMA, KRUSEDI KUU, NJOO NA WAGONJWA WAKO. Mgonjwa mkuu alikuwa pale pale kwenye picha ya bango, anatabasamu, lakini wa picha alikuwa na miaka tisa na mashavu.

Mtu akikosa chakula kwa sababu ya ukame tunamchangia unga. Akikosa kwa sababu ya umaskini tunamsengenya. Lakini mwambie Mkenya kwamba njaa hiyo ni ya Mungu, atapiga magoti mbele yake na kuleta maiki.

Wiki moja kabla ya Bungoma, Munene alimleta Mary Ann kwa Cherono. "Fundi, gauni linapwaya kiunoni. Punguza."

Cherono alidhani hakusikia vizuri. "Nipunguze?"

"Si unaona linacheza? Punguza. Huku juu ndiko kuna shida, zipu inakataa."

Cherono alizungusha tepu, akasoma namba kwa sauti kama alivyozoea, akafungua daftari lile la samawati hadi ukurasa wa mwaka 2002. Akatazama. Akapima tena. Kiuno cha msichana wa miaka kumi na mitatu kilikuwa chembamba kuliko kiuno cha mtoto wa miaka tisa. Mabegani tu ndipo mifupa ilikuwa imekua bila kuomba ruhusa ya Askofu, na hapo ndipo zipu ilipokwama.

Lakini kilichomgandisha Cherono hakikuwa namba. Ni kwamba aliposoma namba ile, Mary Ann alitabasamu. Alitabasamu kama mtu aliyetangaziwa amepita mtihani.

Cherono alitema pini zote mkononi. Wateja wanasema hawajawahi kumwona akifanya hivyo.

"Askofu, hii mtoto ni mgonjwa."

"Amefunga."

"Mimi nimezaa watano na nimepima nusu ya Kitale. Kufunga nakujua. Hii ni kitu ingine. Huyu anakwisha."

"Fundi, wewe shughulika na uzi. Mambo ya roho tuachie."

"Roho iko wapi sasa? Si iko ndani ya hii mbavu? Hesabu, zote zinaonekana!"

Munene akamwambia kwa upole wa mtu mwenye maiki kwamba kuna mafundi wengi Kitale.

Jioni hiyo Cherono alifunga cherehani mapema, akaenda kibandani kwa Wamboi. Alimkuta akifunika viazi kwa gunia.

"Mama Mary Ann, usimpeleke Bungoma."

Wamboi hakuinua macho. "Nitasema nini, fundi? Kanisa lote linasema ni Mungu."

"Na wewe unasema ni nani?"

"Mimi?" Wamboi aliendelea kukunja gunia, akalikunja mpaka halikuwa na pa kukunjwa tena. "Mimi ni muuza viazi. Mtoto wangu ananiangalia nikimenya, anatoka nje. Ananusa mafuta kwa nguo zangu, anatoka nje. Mimi nikisema kitu, nani atasikia?"

Basi walikwenda Bungoma. Cherono naye alikwenda, kwa sababu zipu ilikuwa imekataa kabisa, na Munene, ambaye hakupata fundi mwingine wa kulijua gauni lile, aliamua kwamba lishonewe mwilini, pale pale nyuma ya jukwaa, kwa sindano ya mkono. Cherono alibeba sindano, uzi mweupe na ule mkasi wake mkubwa wa kukatia blanketi. Munene aliuona mkasi kwenye kikapu. Hakuuliza wa nini.

Mwenyeji wao alikuwa Mzee Mukhisa, mfanyabiashara wa mbuzi katika soko la Chwele, mtu wa tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi, aliyekuwa ametoa pikapu yake kubeba spika. Katika boma lake mgeni hapiti bila kuku. Waliwekwa mezani, ugali ukaja umefura kama mlima, kuku akaja akiogelea. Mzee Mukhisa akachukua firigisi, ile nyama ambayo katika nyumba za huko ni haki ya mwenye boma, mtoto akiigusa anatafutiwa fimbo, akaiweka kwenye sahani ya Mary Ann.

"Hiyo ni yangu," akasema, kwa ulimi wake uliozoea kuchanganya l na r, "lakini reo nakupa wewe. Mke wangu arilia na ule wimbo wako mpaka sufuria ikaungua."

Mary Ann aliitazama firigisi. Meza nzima ilimtazama yeye. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

Munene akaokoa jahazi. "Asante, Mzee. Lakini malaika amefunga."

"Amefunga tangu rini?"

"Leo ni siku ya ishirini na moja."

Mukhisa aliacha kutafuna. "Ishirini na moja? Mungu mwenyewe arifanya kazi siku sita akapumzika. Huyu ni nani, mdogo wake?"

"Ni neema, Mzee."

"Neema gani? Mimi nikiwa na mbuzi kama huyu pale Chwele, hakuna mtu ataninunulia. Wataniuriza, Mukhisa, hii umeitoa wapi, kwa kaburi?"

Watu walicheka, kama kawaida. Wamboi hakucheka. Alikuwa anaitazama ile firigisi inavyopoa, na mkono wa mwanawe uliofichwa chini ya meza.

Uwanja ulikuwa umejaa. Bodaboda walileta watu watatu watatu kwenye baiskeli moja, wagonjwa katikati. Nyuma ya jukwaa, ndani ya hema, Cherono alishona gauni mgongoni mwa Mary Ann, kutoka kiunoni hadi shingoni. Kila alipovuta uzi alihisi mfupa chini ya kidole.

"Auntie, polepole. Inauma."

"Basi tuache. Sema tu, nikate twende nyumbani."

Nje spika zilikuwa zinanguruma.

"Shona, Auntie," akasema msichana. "Wote wamekuja."

Alipanda jukwaani saa tisa mchana, jua limechacha. Kutoka mbali, na wengi wetu tulikuwa mbali, alionekana mdogo kweli, mweupe, mabawa yanapepea. Tulipiga kelele kama wendawazimu. Alishika maiki kwa mikono miwili kwa sababu mmoja haukuweza. Akaimba "bado mimi mdogo," akafika "Baba nishike," na hapo, katikati ya neno, akaanguka.

Mahali pengine popote duniani mtoto akianguka watu hukimbia. Kwetu tulipiga vigelegele. Sisi ni watu tuliozoea kuangushwa na Roho, tuna hadi wahudumu maalumu wa kazi hiyo: mmoja wa kudaka, mwingine wa kufunika miguu. Mhudumu alikuja mbio na leso, akafunika magoti ya Mary Ann kwa heshima, akasimama kando kama mlinzi wa benki.

"Msimguse!" Munene alinguruma kwenye maiki. "Mtu asimguse! Bwana yuko kazini! Yuko mbingu ya tatu huyu!"

Kinanda kikashika kasi. Watu wakaruka. Wengine nao wakaanguka, lakini hao walichagua pale penye nyasi. Na mtoto akalala pale juani, kwenye mbao, amefunikwa leso yenye picha ya nanasi, huku wimbo mmoja ukaisha, ukaanza wa pili, ukaisha. Kikapu cha sadaka kikapita. Ndiyo, kilipita. Kilipita mbele ya jukwaa, na kuna waliotia.

Wamboi alikuwa amekaa safu ya kwanza. Aliposimama wahudumu wawili walimkalisha. "Mama, mwachie Bwana." Aliposimama tena walimshika mikono. "Mama, usizuie muujiza."

Ndipo muuza viazi akamwuma mhudumu. Si mfano, si fumbo. Alizamisha meno kwenye mkono wa ndugu huyo mwenye koti la kijivu hadi ndugu akapiga ukelele ambao waumini wa nyuma waliujibu kwa "Amina." Akapanda jukwaa kwa magoti, akifoka kwa Kikuyu, akamfikia mwanawe, akaweka sikio kifuani.

"Cherono!" akapiga yowe. "Fundi! Hapumui vizuri! Kata hii kitu!"

Cherono alikuwa tayari ngazini na mkasi. Munene akamzuia kwa mwili wake wote wa kiaskofu. "Fundi, mbele ya watu? Utaniaibisha!"

"Ondoka hapo nisikushonee mdomo," akasema Cherono, na maiki, kwa bahati, ilikuwa karibu. Uwanja mzima ulisikia.

Akakata. Alianza shingoni, akashuka hadi kiunoni, akapita safu ya kwanza ya lesi, ya pili, ya tatu na ya nne. Satini ilipasuka kwa mlio, na gauni likafunguka pande mbili. Pale ubavuni, ndani ya mishono, upindo wa vidole vinne ulikuwa umelala vile vile, safi, haujaguswa na jua wala jasho. Kesho ya mtoto, imekunjwa miaka minne. Kifua cha Mary Ann kikapanda. Kinanda kikanyamaza.

Aliyembeba ni Mzee Mukhisa, na alimbeba kwa mkono mmoja. Walimlaza nyuma ya pikapu, juu ya majani ya mbuzi, Wamboi amekipakata kichwa chake.

Hospitalini walimkuta muuguzi aitwaye Sally, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba. Aliweka dripu, akapima moyo, akapima tena, kisha akawageukia.

"Huyu amekula lini?"

Wakatazamana.

"Nauliza tena. Amekula lini? Nani alimwambia asile?"

"Wanasema amefunga," Wamboi akanong'ona.

"Mama, mtu aliyefunga anangoja jioni ale. Huyu anaiogopa jioni yenyewe. Si saumu, si pepo, si maringo. Ni ugonjwa kama malaria, na unaua kama malaria, ila huu hauna tembe."

"Dawa yake ni nini, sista?"

"Chakula kidogo kidogo. Daktari wa kuongea naye. Mtu wa kukaa naye mezani bila kumpigia kelele. Na muda, mama. Muda mrefu."

Alitaja kliniki moja Eldoret, mara moja kwa mwezi, kwa daktari wa akili. Habari ilipofika Kitale, watu wale wale waliopanga foleni kuguswa na vidole vyake walisema kumbe msichana ni kichaa. Njaa yake ilipokuwa muujiza tulimbebea ng'ombe. Ilipopewa jina la ugonjwa tulivuka barabara.

Munene alihubiri juu ya mapepo ya upinzani kwa Jumapili tatu. Ya nne, alifika barazani kwa Cherono ameshika mkono wa mtoto wa miaka saba mwenye pengo, sauti tamu, macho makubwa.

"Fundi, yaliyopita si ndwele. Tushonee kama lile la kwanza."

Cherono aliinuka. Alichukua rula yake ya mbao ya kupimia mapazia. Waliokuwa sokoni wanasema Askofu alikimbia vizuri sana kwa mtu wa umri wake, na kwamba rula ilimfikia mara mbili kabla ya kona. Mtoto mwenye pengo alipelekwa kwa nyanyake na mkate wa nusu.

Mary Ann hakupona kama watu wanavyopona kwenye ushuhuda. Wiki moja alikula, wiki moja akaficha ugali ndani ya soksi. Alimrushia mamake kikombe. Alilia kwa ajili ya kijiko cha mafuta. Wamboi alikaa naye mezani kila mlo, anamenya viazi vya kesho, hasemi kitu, hatazami sahani, na kibanda kikafunguliwa saa tano badala ya saa moja. Kuimba aliacha kabisa. Wapita njia walimwuliza, "Malaika, utaimba lini?" na Wamboi aliwajibu maneno ambayo hayaandikiki.

Januari ya 2007 alikuwa anarudia darasa la nane, shule nyingine, sare nyingine. Alifika barazani kwa Cherono na mamake. Cherono alitoa kamba ya katani, si tepu. Kwa msichana huyu alikuwa ameiacha tepu tangu Bungoma. Alizungusha kamba, akafunga fundo, akazungusha tena, akafunga fundo, hakusoma chochote kwa sauti, na kwenye daftari la samawati hakuandika.

"Auntie, imeongezeka?" Mary Ann aliuliza. Sauti ilikuwa kavu.

"Sijui. Kamba haijui kusoma."

Kwa kinyozi wa jirani mtu akawasha redio, na sauti ya mtoto wa miaka tisa ikaja hadi barazani, ikisema bado yeye ni mdogo. Wamboi akageuka kwenda kumtukana kinyozi. Mary Ann akamshika sketi.

"Achana naye, Mami. Huyo si mimi."

Cherono alirudisha pini mdomoni, akatandika kitambaa cha buluu mezani, akauliza lile swali analouliza kila mtu, kwa sauti ile ile anayomwulizia kila mtu.

"Ya kutosha ama ya kukulia?"

Wamboi alifungua mdomo. Cherono akamtazama, na Wamboi akaufunga.

Msichana alikitazama kitambaa. Alikitazama muda mrefu, wimbo ukaisha, tangazo la mbolea likaanza. Mikono yake ilikuwa imejikumbatia tumbo, kila mmoja umeshika kiwiko cha mwenzake.

"Ya kukulia," akasema mwishowe. Kisha haraka, kama anayeogopa atachukuliwa neno lake, "lakini kidogo tu, Auntie. Kidogo sana."

"Sawa," akasema Cherono.

Akainama na chaki. Alikuwa hajawahi kumtii Askofu katika jambo la upindo, na hakuona sababu ya kuanza utii leo. Akapima vidole vinne, akamtazama msichana kwa pembe ya jicho, akaongeza cha tano.